Moshi wa Kwa Magokoro

Ndugu yangu alipomnunulia Mama jiko la gesi, alinipigia simu kunijulisha, nami nikamshukuru. Kifua cha Mama kilikuwa kimechoka na moshi, na daktari alikuwa amesema hivyo zaidi ya mara moja. Sikufikiria zaidi ya hapo. Wiki iliyofuata nilitoka kwangu Kiogoro mapema kumpelekea gauni nililomshonea. Gari liliniacha barabarani, upande wetu wa Magwagwa, yapata saa mbili asubuhi. Kutoka pale hadi nyumbani ni mwendo wa dakika ishirini kwa miguu, na kwenye kona ya pili, pale majani chai ya jirani yanapoishia, paa la jiko la Mama huonekana. Sijawahi kufika kona ile bila kuinua macho. Asubuhi hiyo paa halikuwa na moshi.

Habari za gesi nilikuwa nazo kichwani. Miguu haikuwa nazo. Nilikimbia kuteremka njia ile, mwanamke wa miaka hamsini na kitu mwenye goti bovu, mfuko wa gauni ukinipiga pajani, hadi nikausukuma mlango wa jiko bila kubisha. Mama alikuwa ameketi kwenye kigoda chake, kikombe cha maziwa mkononi, miguu ameinyoosha. Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

“Mbona unahema hivyo?” akauliza. “Nani amekufa?”

“Hakuna, Mama.”

“Basi keti. Utaniangushia nyumba.”

Niliketi. Lile jiko la gesi lilikuwa pembeni, safi, limekaa kama mgeni asiyejua aweke wapi mikono. Mafiga matatu ya zamani yalikuwa mahali pake, na jivu lake lilikuwa baridi. Nililigusa. Sikuwa nimegusa jivu baridi kwa makusudi tangu nilipokuwa darasa la nne, na hapo ndipo nilipojua kwamba nisipolisema jambo hili mwaka huu, Mama akiwa bado anasikia na kukumbuka, sitalisema tena.

Magokoro ndilo neno letu la kumwita nyanya, na huyu ninayemkumbuka hakuwa nyanya yangu wa damu. Alikuwa jirani. Jina lake lilikuwa Kerubo, lakini hakuna mtoto aliyethubutu kulitamka. Nyumba yake ilikuwa chini ya yetu, kwenye mteremko wa kuelekea kijitoni, nyumba ya mwisho ya mviringo iliyokuwa bado imeezekwa kwa nyasi kwenye kilima chetu. Haikuwa na dohani wala dirisha la kutajika. Moshi ulipenya nyasi zote kwa pamoja, taratibu, hata kwa mbali ungedhani ni nyumba inayopumua. Mumewe alikuwa amekufa kabla sijazaliwa. Mwanawe mmoja alikuwa akichuma chai Kericho na alikuja Desemba. Bintiye alikuwa ameolewa upande wa Masimba. Siku nyingine zote alikuwa yeye, mbuzi wake mmoja, na moto.

Moto ule aliusifia kama watu wengine wanavyosifia watoto waliosoma. Alisema aliupokea kutoka mekoni kwa mama mkwe wake alipoolewa, na kwamba tangu siku hiyo haujazimika hata mara moja. Kila jioni aliyafukia makaa kwa jivu, na kila asubuhi aliyafukua, akaweka majani makavu ya mgomba, akapuliza. Nilimwamini kabisa. Sasa najua kwamba pengine uliwahi kuzimika naye akaenda kuomba kwa jirani, kama wote. Lakini mimi sikuwahi kuukuta umezimika, na ushahidi wangu unaishia hapo.

Mama alikuwa amenipa kazi moja ya kila asubuhi kuhusu nyumba ile. Kabla ya kunawa uso nilitoka nje, nikasimama karibu na zizi, nikatazama chini. Nikiona moshi, nilirudi ndani nikasema, “Magokoro ameamka.” Basi. Haikuwa kazi ya kwetu peke yetu. Kwenye vilima vyetu, mzee anayeishi peke yake husalimiwa kwa macho kabla ya kusalimiwa kwa mdomo, na moshi ndio unaoitikia. Niliifanya kazi hiyo kwa uaminifu, na niliipenda, kwa sababu nilimpenda.

Nilimpenda kwa nini? Nimejiuliza swali hilo kwa utaratibu, kwa kuwa mtu hukumbuka upendo kwa urahisi akasahau sababu zake. Ya kwanza ilikuwa chai. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa la Waadventista, tena katika wale walioshika kila neno. Alikuwa na mashamba mawili ya majani chai, na ndani ya nyumba yetu chai haikuingia. Tuliichuma asubuhi, tukaipeleka kituoni, tukarudi kunywa uji. Kwa Magokoro kulikuwa na turungi nyeusi yenye sukari iliyokolea hata kijiko kikasimama, kwenye bakuli la bati lililobabuka ukingoni. Nilipoingia tu, hakusema karibu. Aliinua mkono na kunyoosha kidole mekoni, maana yake nipulize moto, sufuria iwekwe. Sikumbuki siku alipotumia maneno.

“Baba yako ni mtu wa ajabu,” aliniambia huku akinitazama nikinywa. “Analima kitu ambacho anakiogopa. Ni kama mtu kufuga ng'ombe akakimbia maziwa.”

“Anasema chai ni dhambi ndogo.”

“Basi anawauzia wenzake dhambi kwa kilo.”

Kisha alicheka mpaka tumbaku ya kunusa ikamtoka puani, akajifuta kwa ncha ya leso. Mazungumzo yetu yote yalikuwa ya Ekegusii. Ninayaandika kwa Kiswahili, na kuna utani uliokufa njiani. Sababu ya pili ndiyo hiyo: alinichokoza kama mtu mzima mwenzake. Nyumbani niliamrishwa na shuleni nilichapwa. Kwake nilibishiwa.

Yeye alikuwa Mkatoliki. Rozari yake ilining'inia msumarini karibu na mlango pamoja na ungo wa kupepetea wimbi, na Jumapili moja moja, goti likimruhusu, alipanda kilima kwenda misa. Jambo hili halikumsumbua mtu yeyote isipokuwa mimi, na mimi lilinisumbua kwa sababu ya picha.

Darasani kwetu, kwenye shule ya Sabato, ukutani kulikuwa na picha kubwa ya siku ya mwisho. Upande mmoja watu wa mavazi meupe walipanda mawinguni. Upande wa pili ulikuwa moto, na ndani ya moto watu walioinua mikono. Sabato moja, mwalimu akifundisha, niliona kwamba miongoni mwa wale wa motoni kulikuwa na mwanamke mzee aliyefunga kichwa kitambaa kwa nyuma, kama Magokoro. Sikusikia tena somo. Wiki ile nilikwenda kwake nikiwa na hoja.

“Magokoro, kwa nini huji kanisani kwetu?”

“Nina kanisa langu.”

“La kwako ni la Jumapili.”

“Jumamosi Mungu yuko kwenu. Lazima naye apate siku ya kututembelea sisi.”

“Watu wanaowasha moto siku ya Sabato watachomwa.”

“Kwa kitu gani?”

“Kwa moto.”

Alifikiri kidogo, akanusa tumbaku. “Huo moto atauwasha nani? Na atauwasha siku gani?”

Nikaanza kulia. Nililia kwa hasira kwanza, kisha kwa ile picha. Aliacha kucheka alipoona silii kilio cha utani. Alinivuta nikakaa kati ya magoti yake, mgongo wangu ukiwa kifuani pake, na nguo zake zilinuka jivu, tumbaku na maziwa ya mbuzi. Nikizidiwa na kazi hata leo, harufu hiyo ndiyo ninayoitamani.

“Sikiliza,” akasema. “Siku moja ya Sabato utatoka nje asubuhi, utazame huku, uone nyumba yangu haina moshi. Ukiona hivyo, ujue nimehamia kwenu.”

“Kweli?”

“Lakini usimwambie mtu. Ukiwaambia wale watu wenu watanijia mbio na vitabu vya nyimbo kabla sijavaa.”

Hayo ndiyo maneno yake, kwa kadiri kumbukumbu yangu inavyoweza kuapa. Yalikuwa ya kumnyamazisha mtoto anayelia. Mimi niliyapokea kama ahadi yenye masharti mawili: dalili, na siri.

Hapa sina budi kueleza Sabato ilivyokuwa nyumbani. Ilianza Ijumaa jua likitua na kwisha Jumamosi jua likitua, na katikati moto haukuwashwa. Mama alipika kila kitu Ijumaa: ndizi, maharagwe, ugali wa wimbi alioufunga kwa majani ya mgomba. Kisha moto uliachwa ufe. Jumamosi jioni, Baba alipokwisha kufunga Sabato kwa wimbo na sala, mimi nilipewa kigae cha chungu nikashuke kwa Magokoro kuomba makaa. Kiberiti kilikuwepo juu ya rafu, lakini kiliwekwa akiba kwa siku ya shida, na kuni zetu mara nyingi zilikuwa mbichi. Kwa hiyo moto wetu mtakatifu wa kufungulia wiki ulitoka kila mara kwa mwanamke asiyeshika Sabato. Baba alijua ulikotoka. Hakuuliza.

Nilingoja Sabato nne au tano. Kila Jumamosi niliona moshi, na kila Jumamosi nilishusha pumzi kwa huzuni, nikarudi kusema, “Magokoro ameamka.” Kisha ikaja ile moja.

Usiku mvua ilikuwa imenyesha, lakini kulipokucha anga lilikuwa limeoshwa, hapakuwa na ukungu. Nasisitiza jambo la ukungu kwa sababu nimelichunguza mara nyingi kama mlango wa kutokea, na haufunguki. Nilisimama karibu na zizi. Nyasi za paa lake zilikuwa nyeusi kwa maji, na juu yake hapakuwa na kitu. Mbuzi alikuwa akilia ndani. Nilisikia mwili wangu wote ukiwa mwepesi. Niliruka pale pale matopeni, mara mbili, mikono kinywani nisipige kelele.

Nilipoingia ndani Mama alikuwa akimvisha ndugu yangu mdogo, yeye huyu wa gesi, viatu vya kanisani. Aliuliza bila kuinua uso:

“Kwa Magokoro kukoje?”

“Kuko sawa,” nikasema.

Sikusema moshi upo. Sikusema ameamka. Katika miaka ya kwanza baadaye nililishika neno hilo kama mtu anayezama anavyoshika unyasi: kwamba sikusema uongo. Nilisema kuko sawa, na kwa imani yangu kulikuwa sawa kuliko siku yoyote. Lakini mimi ni fundi wa sare za shule. Kazi yangu ni kupima kabla ya kukata, na najua kipimo kinachosomwa vibaya kwa nia njema hutoa nguo mbovu vilevile.

Tulipanda kanisani. Baba alikuwa ndiye mhubiri wa siku hiyo. Kabla ya mahubiri, mwalimu wa watoto aliuliza nani ana jambo la kumshukuru Mungu. Niliinua mkono, mimi ambaye sikuwahi kuuinua. Nikasema, “Namshukuru Mungu kwa ajili ya mtu mmoja ambaye sitamtaja jina.” Watu wazima waliokuwa karibu walitabasamu, na wote kwa pamoja wakasema Amina. Kutomwona Magokoro pale hakukunishangaza: siri ilikuwa bado siri.

Tulirudi yapata saa kumi, kwa kuwa kulikuwa na kipindi cha mchana. Tulikula chakula baridi. Nilificha ndizi mbili za fungu langu ndani ya jani, maana nilihesabu kwamba Magokoro, akiwa mgeni wa Sabato, hangekuwa amekumbuka kupika Ijumaa. Jua lilipotua Baba alifunga kwa sala ndefu, nami niliifuata kwa jicho moja wazi. Mama akanipa kigae. “Kimbia ukalete moto.” Alipogeuka, nilichukua na kiberiti rafuni. Kwa hesabu yangu moto wa mama mkwe wake ulikuwa umekufa kwa ajili ya Mungu, na mtu wa kumwashia mpya nilikuwa mimi.

Mlango ulikuwa umeegeshwa tu. Ndani kulikuwa na mwanga kidogo kutoka nyuma yangu. Mbuzi alinipita kwa kishindo akatoka. Magokoro alikuwa amelala chini karibu na mafiga, kwa ubavu, na mkono wake mmoja ulikuwa ndani ya jivu, kama mtu aliyekuwa akifukua. Jicho lake nililoliona lilikuwa wazi.

Nikasema, “Magokoro, Sabato imeisha. Nimekuletea kiberiti.”

Alitoa sauti. Haikuwa neno. Upande mmoja wa kinywa chake ulijaribu na upande wa pili haukufuata. Ndipo nilipopiga magoti nikaushika mkono ule, na jivu lilikuwa baridi, na mkono ulikuwa baridi sawa na jivu. Ndizi ziliniponyoka. Sikumbuki nikipiga kelele, lakini Mama anasema zilisikika ng'ambo ya kijito.

Wanaume walifunga blanketi kwenye miti miwili wakambeba hadi barabarani, Baba akishika mbele akiwa bado na suti ya mahubiri. Magokoro alikaa hospitalini karibu wiki mbili. Aliporudi, bintiye alikuja kutoka Masimba kumtunza. Hakuwa tena na maneno, na upande wake wa kulia ulikuwa mzigo kwake. Nilitumwa nimpelekee maziwa. Nilisimama mlangoni. Aliponiona aliinua mkono wa kushoto, ule uliobaki, akanyoosha kidole mekoni. Bintiye akasema, “Anasikia baridi,” akamfunika. Magokoro alilisukuma blanketi, akanyoosha tena mekoni, kisha kwangu, kisha mekoni. Nilielewa. Alikuwa akisema: moto wangu ulizimika nawe uliona. Niliweka chupa ya maziwa chini nikakimbia, na sikurudi tena. Mama alipotaka kunituma nilisema tumbo linauma. Magokoro alikufa kabla ya wimbi kuvunwa. Kwenye maziko nilisimama nyuma ya migomba.

Hakuna aliyeniuliza chochote. Hilo ndilo lililokuwa gumu. Watu walisema uzee, wakasema ni kazi ya Mungu, wengine wakasema ni jambo jema kwamba mtoto alishuka kuchukua moto, la sivyo angeonekana Jumatatu. Walinisifu. Nilikula sifa zile kama chakula cha mtu mwingine.

Shule niliiacha kidato cha pili, na yote niliyojua baada ya hapo nilijifunza mwenyewe, vitabu nikivinunua kwa watu wanaovitandaza kando ya barabara mjini Kisii. Kitabu kikubwa cha kwanza nilichonunua kilikuwa cha wauguzi, bila jalada. Wateja walidhani nataka kubadilisha kazi. Nilikuwa natafuta sura moja, ya kiharusi. Nilisoma na kamusi kando kwa miezi. Kilisema saa za mwanzo zina maana kubwa. Kilisema pia kwamba mtu aliyelala sakafuni bila kugeuzwa hudhurika kwa hilo lenyewe, mbali na ugonjwa. Kisha nikafanya hesabu ya upande wa pili: blanketi na miti miwili, barabara ya matope, hospitali ya siku zile ilivyokuwa. Jawabu langu, baada ya kusoma kila nilichopata, ni kwamba labda hata kuonekana asubuhi kusingemwokoa, na kwamba, ningesema, asingekaa mchana kutwa kwenye udongo baridi akimsikiliza mbuzi. Jambo la kwanza sina hakika nalo. La pili nina hakika.

Na kile kidole chake, nilikielewa upya nikiwa tayari mama wa watoto wawili. Msichana wa jirani aliingia kwangu Kiogoro kuomba chumvi, na kabla sijafikiri nilikuwa nimeinua mkono kumwonyesha jiko aweke sufuria. Nilibaki mkono hewani. Magokoro hakuwahi kunikaribisha kwa njia nyingine tangu nianze kutembea. Pengine siku ile hakuwa ananishtaki. Pengine alikuwa anasema mtoto apikiwe chai. Sina ushahidi. Nimeishi na maana mbili, na ile mbaya ndiyo niliyoikimbia.

Yote haya nilimweleza Mama asubuhi ile, kando ya jiko la gesi. Nilianza na ahadi ya Magokoro, nikafuata mpangilio, sikuruka kitu. Alikuwa amechukua ungo wa maharagwe na kuanza kuchambua. Nilipofika kwenye swali lake na jibu langu, mikono yake ilisimama.

“Kwa hiyo ulijua hakuna moshi,” akasema.

“Nilijua.”

“Na ulifurahi.”

“Nilifurahi, Mama.”

Niliona anatoa harage moja bovu, analirudisha, analitoa tena.

“Siku nyingine nilikuwa nakuuliza?” akasema mwishowe.

Sikuelewa.

“Kwa Magokoro kukoje. Nilikuwa nakuuliza kila siku?”

Nilifikiri. Hakuwa akiuliza. Kila asubuhi niliingia nikasema mwenyewe, naye akaitikia kwa mguno. Katika miaka yote niliyolipima jibu langu neno kwa neno, sikuwahi kulipima swali.

“Mimi nilitoka kukamua kabla hujaamka,” Mama akasema. “Kutoka zizini paa lake lilionekana lote. Nilisimama na ndoo. Nikasema, labda kuni zimelowa. Nikasema, labda amechelewa kuamka, ni mzee. Baba yako alikuwa anahubiri, suti ameshavaa, anatembea tembea uani. Njia ya kule ilikuwa matope na mimi nilikuwa na nguo moja tu ya kanisani. Nikarudi ndani.” Alivuta pumzi, na kifua chake kikapiga filimbi. “Nikakuuliza wewe. Nilitaka mtu aniambie kuko sawa. Ukaniambia.”

“Mama.”

“Ngoja. Ulipokataa kumpelekea maziwa, nilijua. Nilisema, huyu mtoto ameona kwamba mimi niliona. Ameshindwa kunitazama. Sikukulazimisha kwa sababu niliogopa utalisema mbele ya Baba yako.”

“Sikujua lolote, Mama. Nilidhani ni mimi peke yangu.”

“Mimi pia,” akasema.

Hatukukumbatiana, sisi si watu wa kukumbatiana. Alirudi kwenye maharagwe na mimi nikasogea nikachambua upande wangu wa ungo. Kabla sijaondoka alivaa lile gauni. Lilikuwa limempwaya mabegani kwa inchi moja nzima. Vipimo vyangu vilikuwa vya mwaka jana. Alinisindikiza hadi zizini, akasimama hapo. Chini, ilipokuwa nyumba ya nyasi, sasa ni mikaratusi, imenyooka na imebanana, na huwezi kuona kitu. Alitazama hata hivyo.

Jumamosi iliyofuata ndugu yangu alinipigia simu. Yeye huenda kumchukua Mama kwa gari kila Sabato kumpeleka kanisani, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetafuta pa kuanzia.

“Dada, nadhani Mama ameanza kuchanganyikiwa. Nimemkuta amewasha kuni kwenye mafiga. Na gesi ipo.”

“Anapika nini?”

“Hapiki. Hakuna hata sufuria. Ameketi tu kando, amevaa gauni lako. Leo Sabato, Dada. Mama yetu huyu.”

“Umemwambia nini?”

“Nimemuuliza kama anasikia baridi. Hajanijibu. Nikauzime?”

“Usiuguse,” nikasema. “Wewe uliuona ukiwa wapi, huo moshi?”

Nadhani alifikiri kwamba na mimi nimeanza.

“Kule kwenye kona,” akasema. “Kona ya pili. Unaonekana wote.”